Upanga wa Asilimia 95

Gemu ya Battle Brothers haina huruma. Unaongoza kundi la mamluki katika ulimwengu wa kubuni wenye mazimwi na wafu wanaotembea. Unawalisha, unawalipa mshahara, unawanunulia ngao, na kabla mmoja wao hajapiga, skrini inakuonyesha uwezekano wa pigo hilo kumpata adui. Uwezekano huo haupiti asilimia 95 hata mpiganaji wako awe hodari namna gani, wala haushuki chini ya asilimia 5. Gemu hii ilitolewa mwaka 2017 na Overhype Studios, kampuni ndogo ya Hamburg, Ujerumani. Picha zake ni bapa na za kawaida, kwa hiyo haidai kompyuta ya bei kali.

Hapo ndipo gemu za watengenezaji wa kujitegemea zinapofaa mtaa kama Kimumu, kando ya barabara ya Eldoret kwenda Iten. Kwenye vibanda vya PS kandanda ndiyo inayotawala, unalipia mechi na kumpisha mwenzako. Kwenye bedsitter za wanafunzi, laptop ya mtumba inatosha kabisa kwa gemu za uhusika, zile ambazo mchezaji huvaa nafsi ya shujaa na kumkuza ngazi kwa ngazi. Stima ikipotea, betri inaendelea. Bando likiisha, gemu haijali. Na wachezaji wakikutana, hoja inayowasha mjadala kuliko zote ni hii: "Boss, asilimia 95 halafu nakosa? Hii gemu inaniibia!" Mwenzake atamjibu, "Haikuibii, ni bahati yako tu."

Wote wawili hawajaielewa gemu. Ndani ya mashine hakuna wizi, na hakuna bahati pia.

Tuanze na hesabu. Asilimia 95 maana yake ni kwamba katika kila mapigo 20, moja linatarajiwa kwenda hewani. Zidisha 0.95 kwa yenyewe hadi zitimie 20, utapata takriban 0.36. Hiyo ndiyo nafasi ya kupiga mara 20 bila kukosa hata mara moja. Yaani katika pambano moja refu, uwezekano wa kukosa angalau pigo moja ni kama asilimia 64. Kukosa mara mbili mfululizo ni tukio la mara 1 kati ya 400, na mtu anayecheza kila usiku muhula mzima hupiga mapigo maelfu. Lingekuwa jambo la ajabu asipokutana nalo.

Asili ya haya yote ni dadu. Mwaka 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji husimulia safari ya mashujaa na kurusha dadu kuamua nani kapigwa na nani kapona. Dadu yake mashuhuri ina pande 20, kila upande ukiwa na nafasi ya asilimia 5. Gemu za uhusika za kompyuta zilirithi utaratibu huo, ila zikakumbana na tatizo: kompyuta haiwezi kurusha kitu. Ni mashine ya kutii amri, na amri ileile kwa namba ileile huleta jibu lilelile, leo na kesho.

Suluhisho ni kuigiza nasibu kwa hesabu. Chukua karatasi ufuatane nami. Anza na namba 7, tuiite mbegu. Izidishe kwa 5, ongeza 3, kisha gawanya kwa 16 na uhifadhi baki peke yake. Saba mara 5 ni 35, ukiongeza 3 unapata 38, na 38 kwa 16 inabakisha 6. Rudia kwa 6, utapata 1. Rudia kwa 1, utapata 8. Ukiendelea hivyo utaona 11, 10, 5, 12, 15, 14, 9, 0, 3, 2, 13, 4, na mwishowe 7 tena. Namba zote 16 zimepita, kila moja mara moja, kwa mpangilio ambao jicho halioni mantiki yake kwa haraka. Mpe mtu orodha hiyo bila maelezo, atadhani umechota namba kwenye kofia.

Lakini itazame tena. Sita ni shufwa, 1 ni witiri, 8 shufwa, 11 witiri, na hivyo hivyo hadi mwisho bila kukosea. Gemu ambayo ingeamua "umepata au umekosa" kwa kuangalia shufwa na witiri ingekuwa inapata na kukosa kwa zamu, na mchezaji makini wa Kimumu angeigundua siku ya kwanza. Udhaifu huo haukubaki kwenye karatasi tu. Vizalishi vingi vya zamani vya aina hii, yaani programu za kuzalisha namba za nasibu, vilikuwa nao. Ndiyo maana mwaka 1997 Wajapani Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura walitunga kizalishi kiitwacho Mersenne Twister, ambacho mzunguko wake haujirudii hadi zipite hatua nyingi mno: idadi yake ukiiandika ina tarakimu 6,002. Lugha ya Python, ambayo wanafunzi wengi huanzia, hutumia kizalishi hicho kwa namba zake za nasibu.

Mbegu ndiyo siri ya mambo mawili ambayo wachezaji hubishania sana. La kwanza ni kurudi kwenye mchezo uliohifadhiwa nyuma, ile tabia ya kuhifadhi mchezo kabla ya pigo gumu ili ukikosa ujaribu tena. Katika gemu fulani matokeo hayabadiliki hata ukirudi mara ngapi, kwa sababu mtengenezaji amehifadhi hali ya kizalishi pamoja na mchezo. Pigo lako lilishaamuliwa kabla hujabonyeza. La pili ni ukubwa wa dunia zenyewe. Caves of Qud, gemu ya kundi dogo la Kimarekani iliyokamilishwa Desemba 2024, huzalisha sehemu kubwa ya ramani yake kutokana na mbegu. Mchezaji wa Kimumu na wa Mombasa wakitumia mbegu moja na toleo moja, watatembea katika nyika ileile.

Basi kwa nini asilimia 95 inauma hivyo? Hapa tunatoka kwenye mashine na kuingia kichwani. Mwaka 1971 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza kwamba binadamu hutarajia sampuli ndogo ifanane na jumla yake. Tunataka mapigo 10 yawe na tabia ya mapigo 10,000. Mtunzi wa gemu Sid Meier alilisimulia hili mwaka 2010 kwenye mkutano wa watengenezaji huko San Francisco: wachezaji waliopewa nafasi ya tatu kwa moja waliona wameonewa kila waliposhindwa, naye akalazimika kurekebisha hesabu za gemu yake zifuate hisia zao.

Wengine huenda mbali zaidi. Mfululizo wa Fire Emblem wa Japani ulianza mwaka 2002 kuchota namba mbili na kutumia wastani wake badala ya namba moja. Skrini ikisema asilimia 90, uwezekano halisi ni karibu 98. Ikisema 10, halisi ni kama 2. Mchezaji anadanganywa kwa faida yake na anaondoka akisema gemu ina haki. Binafsi naipenda zaidi njia ya Battle Brothers, inayoniambia 95 na kunipa 95, kwa sababu inanifundisha kuipangia hasara kabla haijafika.

Somo hilo lina uzito wake Kenya, ambako kamari ya simu imeingia hadi mabwenini. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina vyumba 37, lakini ukibashiri namba moja ukashinda unalipwa 35 kwa 1. Pengo hilo dogo humpa mwenye kasino takriban asilimia 2.7 ya kila shilingi inayowekwa, mwaka baada ya mwaka. Anayejua kwa nini upanga wa asilimia 95 hukosa ana silaha ya kulisoma pengo hilo.

Na maarifa haya yanatosha kujenga gemu zetu wenyewe, wala hatuanzi sifuri. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, miongoni mwa gemu za kwanza za 3D kutengenezwa nchini. Mwaka 2016 kampuni ya Olivier Madiba ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa Aurion, gemu ya uhusika yenye wafalme na nguvu za mababu. Aprili 2024 mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, hadithi ya kijana anayefanya mapatano na mungu wa mauti ili arudishiwe baba yake, na wahusika wake unaweza kuwasikia wakizungumza Kiswahili.

Uasin Gishu, kaunti ya Kimumu, ina akiba yake ya masimulizi. Chemosit wa masimulizi ya Wanandi, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na kinywa chekundu kinachong'aa usiku, bado anasubiri mtu wa kumpa uhai, kasi na asilimia ya kukwepa. Na huko pwani, shujaa wa masimulizi Fumo Liyongo, aliyeweza kuuawa kwa sindano ya shaba kitovuni peke yake, ana udhaifu ambao mtunzi yeyote wa gemu angeutamani.

Programu ya Godot ya kutengenezea gemu ni ya bure na huria, na laptop inayocheza Battle Brothers inatosha kuanzia. Mwalimu wa hisabati wa kidato cha tatu, ukifika kwenye mada ya uwezekano, wape wanafunzi ile mbegu ya 7 waikokotoe wenyewe. Nawe unayelalamika kwamba gemu inakuibia, andika mapigo yako 200 yajayo kwenye daftari, uhesabu yaliyokosa, kisha ulete hesabu hiyo kwenye mjadala.