Je, Wajua? Hemingway alivua Malindi

Mwaka 1933, mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway na mkewe Pauline waliliacha jiji la Paris na pilikapilika zake, wakapanda meli Marseille, wakapita Mfereji wa Suez hadi Mombasa: zaidi ya wiki mbili majini. Nauli na gharama za uwindaji waliouendea? Alilipa Gus Pfeiffer, ami yake Pauline. (Heri mwenye wakwe wenye nazo!) Januari 1934 huko Serengeti, kuhara damu kulimwangusha Hemingway, mpenda sifa za ushupavu, akabebwa kwa ndege hadi Nairobi. Uwindaji ulipokwisha waliteremka Malindi kuvua samaki wa bahari kuu. Pauline aliandika shajara ya safari. Kitabu cha mumewe kuhusu safari hiyo kilitoka 1935.