Desturi za Kula Kigali

Wengine wenu mtakuja kututembelea Kigali, nami napenda mjue desturi zetu za kula, msije mkaaibika bure. Kwanza, msile njiani. Mtu mzima atafunaye huku akitembea huonekana hana adabu. Pili, mwenyeji akionja kinywaji kabla ya kukupa, usichukie: anakuhakikishia kwamba hakina sumu. Tatu, hotelini mchana kuna chakula kiitwacho melanje. Hujipakulia mwenyewe wali, ndizi, maharagwe na isombe, yaani kisamvu, lakini mara moja tu. Ndiyo maana sahani hujazwa kama kichuguu. Mwisho, ukipewa ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, kunywa japo kidogo. Ng'ombe ana heshima kubwa kwetu, na ukikataa, mwenyeji atadhani umemdharau.