Breki ya Mbele ya Pikipiki Kuukuu: Irekebishe kwa Gharama Ndogo

Simama asubuhi moja kwenye njia panda ya Minjila uhesabu pikipiki zinazopita. Boda boda mpya utaziona nyingi. Lakini katikati yao utaona pia zile kuukuu: Yamaha AG100 ya mtu wa chanjo, Yamaha DT iliyoachwa na mradi uliokwisha zamani, Honda CG125 ya mwalimu mstaafu. Zina miaka ishirini, thelathini au zaidi, na bado zinavuta. Sasa angalia mkono wa kulia wa dereva. Mara nyingi utakuta leva ya breki ya mbele imelegea kama mkia, au waya wake haupo kabisa.

Sisi wenyewe tulikuwa hivyo hivyo. Tulipoipokea pikipiki yetu, AG100 ya zamani, waya wa breki ya mbele ulikuwa umeshatolewa. Tulipouliza, tukaambiwa, "Ya mbele ni ya kuangusha watu, nyinyi tumieni ya mguu tu." Tukakubali. Tuliendesha hivyo karibu mwaka mzima, mpaka jioni moja tukitoka Tarasaa ndama akakatiza barabara. Tulikanyaga breki ya mguu hadi gurudumu la nyuma likateleza huku na huku, na pikipiki haikusimama. Tuliingia kwenye vichaka vya mathenge. Ndama alipona, dereva alitoka na michubuko, lakini mama tuliyempakia alivunjika mkono. Akiwa amekaa pale chini alituuliza swali moja tu: "Kwani hii pikipiki yenu haina breki?"

Hatukuwa na jibu la kumpa. Makala haya ni yale tuliyojifunza baadaye, na tunayaandika ili wewe usingoje ndama.

KWA NINI BREKI YA MBELE?

Ukitembea na ndoo ya maji kichwani kisha ukasimama ghafla, maji hukimbilia mbele. Pikipiki nayo ni vivyo hivyo. Ukifunga breki, uzito mwingi unaegemea gurudumu la mbele, na la nyuma linabaki jepesi. Gurudumu jepesi haliwezi kushika barabara, linateleza tu. Ndiyo maana kwenye lami kavu sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama, kama asilimia 70, hutoka mbele.

Tufanye hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukitumia breki ya nyuma peke yake, utahitaji kama mita 45 kusimama. Ukitumia zote mbili nazo ni nzima, mita 23 au hapo karibu zinatosha. Na hiyo ni mbali na ile sekunde moja ya kushtuka kabla hujashika breki, ambayo peke yake ni mita 17 nyingine. Tofauti ya mita 22 ni ng'ombe kumi wamejipanga barabarani. Au ni mtoto mmoja.

Ile hofu ya wazee haikutoka hewani. Zamani njia zetu nyingi zilikuwa za mchanga na udongo mweusi, na ukibana breki ya mbele kwa ghafla kwenye mchanga, kweli unakwenda chini. Lakini siku hizi mambo yamebadilika. Hata ile njia ya Garsen kwenda Witu na Lamu, iliyojulikana kwa matope, imetiwa lami. Mwendo umeongezeka, lakini breki ni zile zile. Hapo ndipo hatari ilipo.

INAVYOFANYA KAZI

Pikipiki kuukuu nyingi za kwetu zina breki ya dramu. Ndani ya habu ya gurudumu mna viatu viwili vya umbo la mwezi mchanga, vimebandikwa lainingi juu yake. Upande mmoja vimekaa kwenye pini. Upande wa pili, katikati yao, mna kijichuma bapa kinachoitwa kemu. Ukibana leva, waya unavuta mkono wa kemu, kemu inageuka, viatu vinatanuka na kusugua dramu.

Viatu hivi viwili havifanyi kazi sawa. Kimoja kikigusa dramu, mzunguko wa dramu wenyewe unakivuta kijibane zaidi. Cha pili kinasukumwa nyuma kidogo. Kwa hiyo breki hii si ya nguvu nyingi, na kila kasoro ndogo inaipunguza: lainingi iliyong'aa, waya uliochoka, dramu yenye kutu. Kasoro tano ndogo zikikutana, breki imekwisha. Habari njema ni kwamba ukiziondoa moja moja, nguvu inarudi, na nyingine kuziondoa ni bure.

Wengine wanatuuliza, "Si bora tufunge diski moja kwa moja?" Diski ni nzuri, lakini inataka habu yake, shokapu zake na pampu yake ya mafuta. Ukinunua vyote, hata vilivyotumika, bei inakaribia kukushinda. Na ukimwambia fundi achomelee tu kishikilio cha diski kwenye shokapu ya zamani, unatundika maisha yako kwenye weldingi. Rekebisha kwanza ulicho nacho.

HATUA KWA HATUA

Kama hujawahi kufungua gurudumu, fanya kazi hii pamoja na fundi. Simama karibu naye, uangalie na uulize.

1. Fungua na usafishe. Toa gurudumu, toa sahani ya breki. Vumbi utakalolikuta usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Viatu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu na laweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitupe.

2. Tazama viatu. Lainingi ikibaki milimita 2 au chini ya hapo, badilisha. Ikiwa imelowa mafuta ya shokapu au grisi ya beringi, badilisha pia. Kuiosha na petroli hakusaidii, mafuta yameshaingia ndani. Lakini kwanza ziba mahali mafuta yanapotoka, la sivyo utaharibu viatu vipya. Ikiwa ni nene na kavu ila imeng'aa kama kioo, ikwangue kwa msasa mpaka mng'ao uishe. Loweka msasa maji kwanza, kwa sababu ya lile vumbi.

Viatu vya pikipiki kuukuu wakati mwingine havipatikani kwa jina. Usikate tamaa. Beba kiatu cha zamani dukani ukipime kwa rula: kipenyo, upana, tundu la pini, mahali pa springi. Pikipiki nyingi za Kichina zilitengenezwa kwa kuiga Honda CG125, kwa hiyo vipuri vingi vinaingiliana. Ukikosa kabisa, katika miji mikubwa kama Mombasa wako mafundi wa kubandika lainingi mpya juu ya chuma cha zamani.

3. Tazama dramu. Kutu nyepesi itoe kwa msasa. Ikiwa ina mifereji, au ukibana breki unahisi leva inapigapiga mkononi, basi imeacha kuwa duara kamili. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza, gurudumu likiwa na spoki zake na tayari limenyoshwa. Angalia kipimo cha mwisho kilichopigwa chapa ndani ya habu. Dramu ikipita kipimo hicho haifai tena.

4. Hakikisha viatu vinagusa kote. Hili wengi hawalijui. Viatu vipya mara nyingi hugusa sehemu ndogo tu katikati au kwenye ncha. Paka chaki ndani ya dramu, funga sahani, bana breki kidogo huku ukizungusha gurudumu, kisha fungua. Palipo na chaki kwenye lainingi ndipo panapogusa. Punguza hapo kidogo kidogo kwa tupa, rudia, mpaka chaki ienee karibu kiatu kizima. Kazi hii inataka subira ya mvuvi, lakini ndiyo iliyotupa nguvu nyingi kuliko zote, bila kulipa hata shilingi.

5. Kemu na pini. Zitoe, zisafishe, zipake grisi ya kuvumilia moto. Kiasi kama punje ya mchele kinatosha. Ikizidi itaishia kwenye lainingi.

6. Badilisha waya. Waya wa zamani unarefuka na ganda lake linanywea, hivyo nguvu ya mkono inaishia njiani. Nunua mpya, mnene, udondoshee oili, uupitishe pasipo kona kali. Hakikisha usukani unageuka pande zote mbili bila kuuvuta.

7. Pembe ya mkono wa kemu. Ukibana leva sawasawa, waya na mkono wa kemu vifanye pembe ya karibu nyuzi 90. Hapo ndipo waya unapovuta kwa nguvu zaidi. Mafundi wengine, viatu vikiisha, huchomoa mkono wa kemu wakausogeza jino moja ili breki ikaze tena. Usikubali. Viatu vikiwa vyembamba mno, kemu inaweza kugeuka kupita kiasi na gurudumu likakwama ukiwa mwendoni.

8. Kufunga. Kwenye sahani ya breki mna mfereji ambao lazima uingie kwenye kijino cha shokapu. Ukiukosa, siku ya kwanza ukibana breki sahani nzima itazunguka na utarushwa. Angalia mara mbili. Kisha ingiza ekseli, lakini nati usiikaze bado. Mtu mmoja abane breki kwa nguvu na aendelee kubana, mwingine akaze nati. Hivyo viatu vinajipanga vyenyewe katikati ya dramu. Mwisho rekebisha leva icheze kama milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla ya kuanza kushika, na gurudumu lizunguke bila kukwaruza.

KUIZOESHA BREKI, NA KUJIZOESHA MWENYEWE

Viatu vipya havishiki vizuri siku ya kwanza. Nenda kwenye njia iliyonyooka, isiyo na watu, wala usipakie abiria. Ukiwa kwenye mwendo wa 40, punguza taratibu hadi 10. Rudia mara 20 au 30, ukipumzika katikati ili dramu isichemke. Kisha kaza waya tena, maana utakuwa umelegea.

Hapo hapo zoesha mkono wako. Breki ya mbele haikamatwi kwa hasira. Inabanwa kama mtu anavyokamua chungwa: kidogo kwanza, kisha zaidi na zaidi uzito unapoegemea mbele. Usukani uwe umenyooka. Kwenye mchanga, matope au kona, tumia zaidi ya nyuma na uiguse ya mbele kwa vidole viwili tu.

Na sisi watu wa Tana maji tunayajua. Waliokuwapo wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 wanakumbuka, na mafuriko ya 2018 na yale ya 2023 hadi 2024 tumeyaona sote. Dramu ikiingia maji haishiki. Ukishavuka maji, nenda polepole ukiwa umebana breki kidogo mpaka uhisi inashika tena, ndipo uongeze mwendo. Na kama pikipiki ilizama mpaka habu, ifungue uisafishe wiki ile ile. Udongo wa mto ukikauka ndani unakula viatu na dramu kama msasa.

GHARAMA

Sisi tulinunua viatu, springi na waya, tukamlipa fundi wa kukereza. Viatu vya pikipiki za kawaida haviwezi kufikia bei ya tangi moja la petroli. Usipokuwa na pesa zote, anza na vile vya bure: kusafisha, msasa, chaki, pembe ya mkono wa kemu, na kukaza ekseli ukiwa umebana breki. Utashangaa. Halafu nunua waya, halafu viatu, na kukereza mwisho. Ila viatu vikiwa vimekwisha au vimelowa mafuta, hivyo havina kungoja. Egesha pikipiki mpaka uvipate.

Yule mama mkono wake ulipona. Siku tuliyokwenda kumchukua tena kumpeleka Garsen, hakupanda. Alikuja mbele ya pikipiki, akaibana leva ya kulia kwa mkono ule ule uliovunjika, akasema, "Haya, sukumeni." Tukasukuma. Gurudumu halikwenda. Ndipo akakunja leso yake vizuri, akapanda.

Nawe abiria, fanya hivyo hivyo. Dereva asikasirike. Mwambie abane breki ya mbele peke yake, wewe usukume. Ikienda, shuka utafute nyingine.