Mtoto wa Kakuma aliyengoja zamu yake

Kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, si jina geni kwetu. Wakongomani wengi wanaishi huko pamoja na Wasudani Kusini, Wasomali na wengine waliokimbia vita. Humo ndimo alimozaliwa Aliir Aliir mwaka 1994, na wazazi wake ni wa Sudani Kusini.

Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Australia. Kule alikuta mchezo asioujua. Mpira wake ni mrefu kama yai, kila ekipe ina wachezaji 18 uwanjani, na mchezaji anaweza kuudaka kwa mikono, kisha kumpa mwenzake kwa teke au kwa ngumi. Teke likiupitisha kati ya milingoti miwili ya katikati, ni pointi 6. Watoto wa pale wanauzoea tangu wadogo. Yeye alianza akiwa tayari kijana.

Mwaka 2013, ekipe kubwa za nchi zilipochagua vijana wapya, Sydney Swans ilimchukua. Alikuwa wa 44 kuitwa. Je, alicheza mara moja? Hapana. Misimu ya 2014 na 2015 ilipita bila mechi hata moja ya ligi kubwa. Aliendelea na mazoezi, akacheza katika ekipe ya akiba.

Mechi yake ya kwanza ilikuja mwaka 2016. Mwaka huohuo Sydney ikafika fainali, lakini yeye aliumia goti kabla ya siku hiyo. Wenzake walicheza bila yeye, wakashindwa.

Mwisho wa mwaka 2020 alihamia Port Adelaide. Mwaka 2021, akiwa beki, alitajwa kati ya wachezaji 22 bora wa ligi nzima.

Wamama, mara ngapi tunamwambia mtoto "umeshindwa" kwa sababu jirani yake ametangulia? Kuchelewa kuanza si kushindwa. Lakini tusisahau lile goti: mwili unaweza kukatiza ndoto kwa siku moja. Kwa hiyo kijana anayependa mpira asiache masomo wala ufundi wa mikono.

Katika mkutano wa juma hili, kila mama ajiulize: mtoto wangu anayengoja zamu yake, ninamsaidia kungoja namna gani?