Saa Inapokataa Chaji Pwani

Kaskazini ya Malindi, huko Gongoni na Marereni, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua likayakausha na upepo ukasaidia, hata ikabaki chumvi nyeupe ikusanywayo kwa marundo na kupakiwa kwenye malori. Na jua lile lile, pamoja na pepo za kusi na kaskazi, hufanya kazi iyo hiyo juu ya kila kipande cha madini kilicho karibu na bahari, toka mabati ya paa mpaka kitasa cha mlango, bila ya kuagizwa na mtu. Wavuvi wanalijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana mwenye mashine ya boti huisafisha kwa maji matamu arudipo pwani. Wenye kuvaa saa janja wengi hawajalizingatia, na hapo ndipo yatokapo mengi ya malalamiko yafikayo kwenye meza za mafundi wa simu wa Malindi na Kilifi: saa iliyokuwa nzima jana, ikawekwa juu ya chaja yake usiku kucha, na asubuhi kioo ni cheusi.

Mwenye saa, kwa kawaida, huihukumu betri. Hukumu hiyo ni ya haraka, tena ina gharama, kwa kuwa kuifungua saa iliyofumbwa kwa gundi ni kuivunja kinga yake ya maji, na kinga hiyo ni nadra kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Betri ya lithiamu hufa, naam, walakini aghalabu hufa polepole: saa iliyokuwa ikikaa na chaji siku tano ikaanza kukaa tatu, kisha mbili, kisha moja. Inapozima ghafula, kitu cha kushukiwa kwanza ni njia ipitayo umeme, na njia hiyo yafaa ifuatwe kwa taratibu, toka ukutani hadi mgongoni mwa saa, pasi na kuruka hatua.

Ukutani mna volti 240, na kichwa cha chaja ndicho kizishushacho hadi 5. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo huweza kukiua kichwa hicho kimyakimya, kwa hiyo kijaribiwe kwanza kwa simu. Ila simu kupata chaji si ithibati kamili kwamba na saa itapata. Betri ya simu nyingi za leo ni ya miliampea-saa 5000 hivi, ilhali ya saa ni kama baina ya 200 na 500, na kwa udogo huo saa huvuta umeme kidogo mno, hata baadhi ya pawabenki hudhani hakuna kilichounganishwa nazo zikajizima zenyewe baada ya muda mfupi. Tena viko vichwa vya kisasa vya mdomo wa taipu-C ambavyo havitoi umeme wowote mpaka vipokee ishara kutoka ncha ya pili ya waya, na nyaya nyingi za saa za bei nafuu hazikutiwa kijipande cha kutoa ishara hiyo. Kichwa cha zamani chenye tundu pana la USB, cha volti 5 na ampea 1, hufaa saa kuliko hivi vya kasi vinavyosifiwa madukani.

Waya wenyewe ndio dhaifu kuliko vyote. Ndani yake mna nyuzi za shaba nyembamba sana, na kila siku hukunjwa mahali pale pale, shingoni, pale uingiapo kwenye kitako cha sumaku. Nyuzi hukatika mmoja mmoja, zilizosalia zikabeba mzigo wa wenzake, na saa ikaanza kuonesha alama ya chaji ikiwaka na kuzima kila waya uguswapo. Kuupima si kazi kubwa: iache saa imetulia juu ya chaja, uipinde shingo ya waya kidogo huku na huku, ukiitazama alama. Ikiyumba, waya umekwisha. Ikiwa shingo ina joto la kuhisiwa kwa kidole, au ganda lake limegeuka rangi ya kahawia, usiupime zaidi. Chomoa, ukate, usimrithishe mtu. Iko sababu nyingine ya waya kuungua ambayo majumbani mwetu haifikiriwi: kitako cha chaja ni sumaku, na kikiachwa ndani ya droo ya kioo cha kujipambia, kimechomekwa kwenye umeme na saa haipo juu yake, kitaivuta pini ya mtandio, na pini hiyo ikilala baina ya chanya na hasi, volti 5 zakutana bila ya kizuizi.

Sasa tuje kwenye chumvi, ambako ndiko kwenye uzito wa maneno haya. Nyuma ya saa nyingi mna vidoto viwili au vinne vya madini vinavyokutana na pini za chaja zenye springi. Vikiwa vinne, viwili ni vya umeme na viwili ni vya kupitishia habari. Vidoto hivyo aghalabu ni vya shaba au aloi yake, navyo hupakwa dhahabu kwa kuwa dhahabu haishiki kutu, lakini tabaka hilo ni jembamba mara nyingi kuliko unywele, tena halikosi matundu yasiyoonekana kwa macho. Mtu aliyeogelea Watamu, au aliyekimbia asubuhi kuvuka daraja la Kilifi akaloa jasho, kwani jasho nalo ni maji ya chumvi, arudipo nyumbani huivua saa na kuiweka kwenye chaja papo hapo, mgongo wake ukiwa bado na rutuba. Tone lile hugeuka kuwa njia ya umeme baina ya chanya na hasi. Upande wa chanya shaba huyeyuka kidogo kidogo kupitia matundu ya dhahabu, ikaungana na kloridi ya chumvi, na kuacha ukoko wa kijani, ilhali upande wa hasi hubaki aghalabu safi. Fundi akiitazama saa kwa kioo cha kukuzia na kuona kidoto kimoja kimeliwa mpaka kimekuwa shimo jeusi lenye ukingo wa kijani, na mwenzake anang'aa kama siku ya kwanza, hana haja ya kuuliza maswali: saa hii ilichajiwa imeloa, tena si mara moja.

Huu ndio uharibifu unaoniuma kuuona, kwa kuwa kuuzuia ni dakika mbili za mfereji. Ukoko ukiwa mchanga huondoka. Chomoa chaja kwanza, izime saa, ukisugue kidoto kwa mswaki laini uliochovywa kwenye spiriti safi isiyo na mafuta, halafu ukipanguse kwa pamba, ukaiache saa ikauke kivulini. Na pini za chaja zitendewe vivyo hivyo, zikibonyezwa kwa ncha ya kijiti kuona kama springi zake zingali zarudi, kwa maana pini iliyokwama chini haiwezi kukutana na kidoto hata waya uwe mzima. Kisu na msasa ni marufuku, kwani huondoa dhahabu yote pamoja na kutu, na shaba iliyobaki uchi haitamaliza kusi moja. Ama ada ya kuizika saa ndani ya mchele, haina faida hapa: hata ikiwa mchele utanyonya maji, chumvi hauiondoi, nayo chumvi ikibaki huvuta unyevu wa hewa upya kila usiku, ugonjwa ukaendelea. Chumvi huondolewa kwa maji matamu.

Ukishathibitika ubovu wa waya, huja mtihani wa kununua mwingine, na hapa watu huharibu saa waliyokuwa wameshaiponya. Nyaya za pini mbili zauzwa nyingi madukani, zinafanana mno, lakini nafasi baina ya pini hutofautiana. Zipo za milimita 2.84 na zipo za milimita 4, na kwa jicho tupu ni shida kuzipambanua. Baya zaidi, sumaku yaweza kuishika saa vizuri kabisa ilhali chanya na hasi zimepishana, na saa isiyo na kinga ya ndani ikaungua siku hiyo hiyo. Kabla ya kuuweka waya mpya kwenye saa, umwombe fundi aupime kwa mita: apate volti 5 au karibu yake, na chanya iwe upande ule ule ilipokuwa kwenye waya wa asili. Saa zinazochajiwa kwa koili bila ya pini, mathalan Apple Watch tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 2015, zimeepukana na balaa ya kutu ya vidoto. Adui wake ni kuwekwa upande, kifuniko kinene, na joto. Lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45 hivi za selsiasi, na saa nyingi hukata chaji zenyewe kwa usalama kabla ya hapo, kwa hiyo atakayeichaji ndani ya gari lililofungwa madirisha kwenye jua la Machi asishangae, wala asiilaumu chaja.

Limesalia jambo la saa iliyokaa ndani ya droo wiki kadhaa ikisubiri waya. Betri yake hushuka chini ya kiwango cha salama, na saketi ya kinga ikafunga mlango; siku ipatapo chaji tena huanza kwa umeme haba sana, kioo kikabaki cheusi kwa muda kana kwamba hakuna kitu. Iachwe juu ya chaja kwa muda wa saa moja au mbili, mahali pa ubaridi na pa kuonekana, ndipo ihukumiwe. Ila ikiwa kioo kimeinuka ukingoni au mgongo umevimba, hiyo betri imejaa gesi: isichajiwe, isitobolewe, isitupwe jaani panapochomwa taka.

Basi kila mwenye saa, siku ya kuinunua, anunue na waya wa pili wa mtengenezaji yule yule, auweke ndani ya mfuko uliofungwa. Na kila atokapo baharini au mbioni, aioshe kwa maji matamu na kuifuta ikauke kabla ya kuiweka kwenye chaja. Na fundi asiyekuwa na mita mezani pake, msimpe saa aifungue.