Si Kila Jiwe la Kijani ni Zumaridi

Ukilima au ukichimba kisima huko Bariadi, usistaajabu jembe likigonga jiwe jeupe ling'aalo kama kioo. Pengine ukiliinua juani utaona nyuzi za kijani ndani yake, kama ukoga ndani ya maji ya mtungi. Mara atatokea mtu akuambie: "Zumaridi hiyo! Tazama, inakwaruza kioo." Usimwuzie ng'ombe ili ulinunue.

Jiwe hilo ni kwatzi. Zamani sana maji ya moto yalipita katika nyufa za miamba chini ya ardhi, yamebeba silika, yaani kile kile kinachofanya mchanga mweupe. Yalipopoa, kwatzi likaota. Kama ufa ulikwisha kuwa na vijinyuzi vya madini ya kijani, kwatzi lilivifunika navyo vikabaki humo. Mara nyingi ni kloriti au aktinoliti, madini yale yale yanayoipa ukijani miamba ya kale ya volkano ya Usukumani, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. (Nikeli nayo, kama ile iliyoko Dutwa, hutia rangi ya kijani, krisoprasi ya Haneti, mkoani Dodoma, imepata rangi yake kwa nikeli. Lakini hiyo haina nyuzi.)

Basi utatambuaje? Kioo si kipimo, maana kwatzi hukikwaruza sawasawa na zumaridi. Uzito nao karibu ni mmoja. Hata pande sita mawe yote mawili yanazo! Tazama ncha: kwatzi huchongoka kama penseli, na mistari ya ubavuni hukingama. Zumaridi huishia bapa, kama gogo lililokatwa kwa msumeno, na mistari yake hufuata urefu. Tena kijani cha zumaridi kimeenea mwilini, bali kwatzi ni jeupe kama maji, kijani kimo katika nyuzi tu.

Hata hivyo usilipasue wala kulitia motoni. Wako wapenda mawe wanaonunua kwatzi zima lenye nyuzi nzuri, ijapokuwa kwa bei ndogo kuliko ya zumaridi. Kuchimba kwahitaji leseni, na tangu 2019, Geita ikitangulia, Serikali imefungua masoko ya madini mikoani. Lifunge jiwe lako kwa kitambaa, ncha isivunjike, ulipeleke kwa Afisa Madini alitazame.