Mashine za kamari: Sh. 10,000 huchezwa kama Sh. 60,000

Anayetumbukiza sarafu kwenye dubwi, kama mashine za kamari zinavyoitwa mitaani, huhesabu mtaji aliotoka nao nyumbani. Mwenye mashine huhesabu mzunguko.

Tuseme mashine imepangwa kurudisha asilimia 90 ya fedha zinazochezwa. Mteja ana Sh. 10,000, anacheza Sh. 200 kila mara, mara tano kwa dakika. Akidumu saa nzima, kwa kuwa anachoshinda hukirudisha mchezoni, atakuwa amezungusha Sh. 60,000. Asilimia 10 ya fedha hizo ni Sh. 6,000, wala si Sh. 1,000 kama wengi wanavyodhani.

Huo ni wastani. Wapo watakaoondoka na faida. Lakini matokeo ya mashine za kisasa huamuliwa na programu inayochagua namba kwa kubahatisha, isiyojali mchezo uliopita. Habari za mashine “iliyoshiba” na kukaribia kutema hazina msingi. Huko Nevada, Marekani, kanuni huruhusu kiwango cha kurudisha kishuke hadi asilimia 75.

Anayecheza atumie fungu la starehe, asiguse fedha ya mauzo. Acheze polepole, na ushindi autie mfuko mwingine.